Pesa za chumba cha vijana Langoni, Lamu: tuunde kompyuta wenyewe au tununue ex-UK?

MLETA MADA
Assalaam aleikum jamaa. Nawaletea ugomvi wa kamati yetu kabla haujawa ugomvi wa mtaa mzima. Tumechangishana tangu Shaabani, sasa tuna shilingi 240,000 za kompyuta za chumba cha vijana: waliomaliza kidato cha nne, wanaoomba kazi, wanaojaza fomu za chuo, na mabinti wawili wanaojifunza uhasibu. Wazee wanataka ex-UK, zile zilizotumika maofisini Ulaya, zikakarabatiwa, zikaja kuuzwa Mombasa na Nairobi. Vijana wanataka tununue vipuri vipya tuziunde wenyewe. Jumapili tulikaa mpaka adhana ya isha na hatukuelewana hata juu ya nani aandike kumbukumbu za kikao.

Msimamo wangu siufichi: ex-UK. Kuunda kulikuwa na maana wakati RAM, ile kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ilikuwa bei poa. Tangu mwishoni mwa 2025 watengenezaji wanazielekeza chipu zao kwenye mitambo ya akili mnemba, na bei imepaa. Desemba ya mwaka huo kampuni ya Micron ikatangaza kwamba inaachana na Crucial, jina la RAM ambalo wengi wetu ndilo tulilokuwa tukilinunua. Kompyuta ya ofisi inakuja na RAM yake, diski yake ya SSD, na mara nyingi laiseni ya Windows imeshakaa ndani ya bodi. Ukiunda, laiseni ni gharama nyingine. Utaniambia weka Linux, mfumo wa bure. Mimi nyumbani natumia Linux, lakini anayetafuta kazi ya ofisini ataulizwa Excel, hataulizwa falsafa.

Haya, semeni.

FUNDI WA USITANI
Ndugu yangu umesema yote ila lile linaloniletea watu dukani. Siku ya kuharibika, je?

Mwezi uliopita nililetewa Dell ya ofisi, ex-UK, safi kabisa kwa nje. Stima ilikatika, ikarudi kwa kishindo, pawasaplai, kile kifaa cha kuilisha umeme, ikaungua. Kompyuta ya kuundwa huchukua pawa ya kawaida, yenye plagi ya pini 24, na hizo ninazo tatu kwenye boksi chini ya meza. Ile Dell ina plagi yake na umbo lake. Mwenyewe alingoja siku kumi na mbili: Nairobi, basi mpaka Mokowe, boti, kisha ndiyo ikafika mkononi mwangu. Na ilipofika ilikuwa ya modeli nyingine.

Najua mtu atakuja na ule waya wa kubadilisha plagi. Upo, na ni rahisi. Ila kwenye kasha dogo pawa ya kawaida haiingii, kwa hiyo inakaa nje juu ya meza kama utumbo wa papa. Chumba cha watoto hicho!

MWALIMU, SHELA
Mimi sina upande, nina uchungu tu. Mwaka jana nilinunua ex-UK kutoka duka moja mjini, silitaji. Kwenye kasha palikuwa na stika inayong'aa: prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni i5, kizazi cha nane. Nikalipa, nikapakia kwenye boti, nikaifunika kwa kanga yangu isirushiwe maji. Nyumbani Windows 11 ikakataa katakata. Kijana wa jirani akafungua mipangilio akanisomea: i5-6500. Akanifundisha jambo ambalo kila mwanakamati anapaswa kulijua kabla hajatoa hata shilingi. Kwenye hizi za Intel zenye tarakimu nne, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. 6500 ni cha sita, 8500 ni cha nane. Windows 11 inataka cha nane kwenda juu, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Na Windows 10 nayo, Microsoft waliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025.

Nilipopiga simu dukani nikaambiwa, "Mwalimu, stika ni mapambo."

Kwa hiyo nunueni mtakacho, lakini msiuziwe mbuzi kwenye gunia. Iwashwe mbele yenu.

KIJANA WA MALINDI
Mimi najiundia zangu, na sijuti. Nahariri video za harusi, na kompyuta ndogo ya ofisi hainifai. Kadi ya picha inayoingia humo ni ile fupi ya nusu kimo, tena inayoridhika na wati 75 za kwenye bodi, kwa sababu pawa yenyewe haina waya wa ziada wa kuilisha. Nilianza na kasha kubwa, kila mwaka nikaongeza kitu kimoja. Hicho ndicho kizuri cha kuunda: haununui yote kwa siku moja.

Kuna na elimu. Yule aliyeweka prosesa kwa mkono wake, akapaka juu yake krimu ya kupitisha joto kiasi cha punje ya mchele, akabonyeza swichi na feni ikazunguka, huyo hutamtisha tena na neno kompyuta. Mnanunua mashine au mnalea mafundi?

MLETA MADA
Hilo la elimu limenigusa, sikatai. Lakini piga hesabu ya foleni mlangoni. Kwa pesa hizi, na skrini juu yake, za kuunda tutapata nne, tano tukibana sana. Za ex-UK tunakaribia kumi. Jioni moja wanakuja vijana kumi na watano. Ukiwaambia kumi wakae barazani wamtazame mmoja akipaka krimu, wiki ya pili hawaji.

Na Malindi mna barabara hadi mlangoni. Huku kasha kubwa linashuka kwenye boti, linapanda punda, na punda wa Amu hawajui maana ya "shika kwa uangalifu".

MZEE WA MKOMANI
Nyote mwazungumza kana kwamba mwaishi Nairobi. Adui wa kompyuta hapa hatoki dukani, atoka baharini.

Mjukuu wangu alikuwa na mashine mpya, ya kuundwa, kasha lina kioo ubavuni na feni nne zenye taa za rangi, kama arusi. Aliiweka dirishani ukumbini, dirisha latazama maji. Msimu wa kusi ukapita. Siku moja ikawaka bila picha, yalia mlio tu. Kanita, "Babu, ndoo uone." Tukachomoa RAM. Yale meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa na ukungu wa kijani, kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Nikachukua kifutio cha penseli, kile cha shule, nikayasugua polepole mpaka yakang'aa, nikapuliza, tukarudisha. Ikawaka. Feni nne zilikuwa zavuta hewa ya chumvi mchana kutwa na kuiingiza ndani.

Basi kabla ya kuuliza mpya au ya zamani, ulizeni chumba chenyewe kina madirisha upande gani. Na kila mashine iwe na kitambaa chake cha kuifunika usiku. Kitambaa, si nailoni. Nailoni hufungia unyevu.

MAMA WA MTAA
Na zikifa zote kumi, mtazitupa wapi? Kisiwa hiki hakina nafasi ya makaburi ya kompyuta. Sheria ya taka ya 2022 inamtwisha mzalishaji na mwagizaji mzigo wa bidhaa zao, lakini sijamwona mwagizaji akishuka gatini kuulizia skrini iliyopasuka. Ya mtumba imeshakula miaka yake kule. Inakuja hapa kuzeekea.

MLETA MADA
Mama, na mpya nayo itazeekea hapa hapa. Angalau ya mtumba haikuchimbiwa madini mapya kwa ajili yetu. Ila hoja ya kuzika nimeipokea, niiulize kamati.

Fundi, nimelala na habari ya utumbo wa papa. Asubuhi nikakumbuka kwamba si lazima tununue kasha hilo unalolichukia. Kuna zile ndogo kabisa, kama OptiPlex 3060 Micro ya Dell, ukubwa wa kitabu kinene. Hazina pawa ndani. Zinatumia chaja ya nje ya volti 19.5, jamii moja na chaja za laptopu za Dell. RAM yake ni ya laptopu pia. Prosesa nyingi za humo ni zile zenye herufi T mwishoni, i5-8500T, wati 35 badala ya 65, kwa hiyo UPS ndogo, ile betri ya kushikilia umeme, inatosha kumaliza kuandika barua stima ikikatika. Ni kizazi cha nane, mwalimu asiwe na wasiwasi. Na nne zinaingia kwenye kikapu kimoja, punda apumzike.

Tukinunua zote modeli moja, moja ikifa inakuwa duka la vipuri la wenzake.

KIJANA WA MALINDI
Na ukitaka kuweka kadi ya picha humo utaiweka wapi?

MLETA MADA
Siiweki. Mwenye harusi aje Malindi kwako.

FUNDI WA USITANI
Sasa unaongea. Lakini usinipigie makofi bado. Chaja za Dell zina ncha zaidi ya moja, nene na nyembamba, na zina kipini katikati kinachoiambia mashine kwamba chaja ni yake. Hizi za bandia kutoka vibandani mara nyingi kipini hakisemi kitu, na mashine inatambaa kama kobe, mwenyewe anadhani ina virusi. Kabla kamati haijatoa pesa zote, nunueni moja tu. Iletwe dukani kwangu, niifungue mbele ya mwalimu, tusome namba ya prosesa, tuiache inawaka siku tatu dirisha likiwa wazi. Chaja ya Dell ya asili ninayo moja hapa, ya laptopu iliyopasuka kioo. Tuone kama ncha inaingia.