Mafundi wa pikipiki za kuunda, breki siyo pambo!

Wakuu, nina hasira na sitaficha.

Nilipeleka pikipiki yangu gereji moja inayojisifu kwa kuunda pikipiki za kipekee. Kazi niliyowapa ni moja tu: breki ya mbele iongezwe nguvu, kwa sababu injini ilishabadilishwa na ile disiki moja yenye kalipa (kifaa kinachosukuma pedi zibane disiki) ya pistoni 2 haikutosha tena. Wakafunga disiki 2 na kalipa 2 za pistoni 4 kila moja, zilizotolewa kwenye pikipiki ya mbio. Kwa macho, kazi imekubali. Picha wamepiga za kutosha. Ila nikibana breki, mkono wa breki unakwenda hadi unagusa gripu.

Jibu lao? "Ni upepo tu kwenye mafuta ya breki bosi, tutautoa." Wakautoa. Nikarudi, wakautoa tena. Mwishowe naambiwa pedi bado hazijazoea disiki, niendelee kuendesha zitakaa sawa. Yaani niingie barabarani na breki ya namna hiyo nikisubiri pedi zizoee!

Upepo haukuwepo. Tatizo ni hesabu ambayo hawakuipiga. Masta silinda, yaani pampu ya kwenye usukani inayosukuma mafuta ya breki ukibana, wameacha ile ile ya zamani, kipenyo milimita 12.7, iliyokuwa ikisukuma pistoni 2 za milimita 27. Sasa inasukuma pistoni za milimita 30 na 34. Hata ukihesabu zile za upande mmoja tu wa kila kalipa, eneo lake ni zaidi ya mara 2 na nusu ya lile la mwanzo. Mafuta ni yale yale kidogo, kazi imeongezeka, kwa hiyo mkono unamaliza safari yake kabla pedi hazijashika. Masta silinda ya milimita 16 ingesukuma mafuta karibu asilimia 60 zaidi kwa mbano ule ule, maana eneo linakua kwa mraba wa kipenyo. Fundi anayepokea pesa ya kazi ya breki halijui hili?

Na kuna wanaokimbilia upande wa pili, wanafunga masta silinda kubwa kwenye kalipa ndogo. Huko mkono unakuwa mgumu kama ubao, unabana kwa nguvu zako zote na pikipiki haitaki kusimama, kwa sababu shinikizo linalofika kwenye pistoni ni dogo. Wanaita eti breki imekaza.

Nikaipeleka kwa fundi mwingine, tukafungua pamoja. Hapo ndipo damu ilichemka kabisa.

Kwenye kikopo cha mafuta ya breki, juu yameelea ya zambarau, chini ya njano. Wamemimina DOT 5 juu ya DOT 4, aina mbili tofauti za mafuta ya breki! Nikawapigia simu kuuliza, najibiwa kwamba tano ni bora kuliko nne. Jamani! DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na DOT 4 ambayo ni ya glikoli. Ukitaka kupanda kutoka DOT 4 ipo DOT 5.1, hiyo ni glikoli pia, na ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 260, wakati DOT 4 kiwango chake ni 230. Mtu anaunda pikipiki za watu na hasomi hata chupa.

Breketi za kalipa ni bamba la alumini laini lililokatwa kwa grainda. Matundu hayakulingana, wakayapanua kwa tupa ili bolti ziingie. Kalipa ya kulia haijakaa katikati ya disiki, pedi zake zimelika mshazari, upande mmoja zimebaki nene na upande wa pili zinakaribia chuma. Washa za shaba, zile ringi za kuziba maungio ya paipu, ni zile zile za zamani zilizokwisha kubonyea, moja inavujisha mafuta pole pole. Paipu yenyewe fupi, ukikata usukani hadi mwisho inavutika.

Mnaelewa ninachokisema? Ukibana breki kwa nguvu, uzito unahamia mbele, na mzigo wote wa kalipa unabebwa na breketi na bolti zake. Breketi ile ikikatika, kalipa inaweza kuingia kwenye gurudumu likajifunga palepale. Hiyo ndiyo kazi waliyoipaka rangi na kuipiga picha.

Nimewadai pesa yangu, wanazungusha. Kwenye risiti wameandika "breki za mbio", hakuna kipimo hata kimoja. Mwenye pikipiki iliyofungwa kalipa kubwa, muulize fundi wako leo: masta silinda ni ya milimita ngapi, na kwa nini hiyo? Akianza kukusimulia rangi ya kalipa na jina lililochorwa juu yake, chukua ufunguo wako uondoke. Na kama kuna mwingine aliyefungiwa breki zenye bamba la grainda, weka picha hapa.