Naomba ushauri: majani ya mpilipili wangu yanajikunja

Habari zenu wapendwa. Nina mpilipili mbuzi niliouotesha mwenyewe kwenye ndoo ya lita 20, uko barazani, hapa Tanga. Wiki ya pili sasa majani machanga yanajikunja kuelekea chini, yamekuwa magumu, na maua yanapukutika. Majani ya zamani yako salama kabisa. Nimeyageuza nikaangalia nyuma: sioni vidukari wala inzi weupe, na sisimizi hawapandi. Maji sidhani, maana udongo una unyevu na ndoo nimeitoboa chini. Nahofia utitiri, wale wasioonekana kwa macho. Nimekata ncha zilizoharibika, nikapuliza maji ya sabuni jioni. Je, mwarobaini utatosha au nitafute salfa? Na mche wa nyanya ulio jirani, niuhamishe? Nisaidieni jamani, mti huu naupenda sana.