Nataka kufungua chumba cha masaji Bamburi hapa Mombasa, leseni ni ya chumba ama ya mkandaji?

BintiUtange:
Assalam aleikum waungwana, naomba msaada kwa anayejua haya mambo. Mimi kazi yangu ni kukanda, nlisomea biuti na masaji hapa hapa mjini, nikafanya na gredi test ya NITA, ule mtihani wa ufundi wa serikali, halafu nikaajiriwa spa ya hoteli moja ya beach mpaka wageni wakapungua tukaambiwa tukapumzike nyumbani, na kupumzika kwenyewe ndio huku. Sai nshapata chumba Bamburi, floo ya kwanza juu ya duka la dawa, vitanda viwili na shawa moja. Hata sijafungua, niko juu ya stuli napaka rangi, wakaingia vijana wawili wa majaketi, mmoja akauliza "hapa ni masaji ya kukanda ama ile ingine?" Nikanyamaza. Wakasema ati lazima niwe na leseni ya mkandaji la sivyo niwatolee chai. Nikawauliza hiyo leseni hutolewa ofisi gani, wakaangaliana. Mwenye nyumba naye tangu asikie neno masaji kaanza kunisalimia kwa mbali. Jirani yuwaniambia niende nikajiandikishe na mafiziotherapi, wale wanaotibu misuli na viungo. Sasa mnisaidie, karatasi ni zipi na mimi mwenyewe najiandikisha wapi?

Mzee_wa_Makadara:
Waleikum salaam mwanangu. Hao wa majaketi wakirudi waulize kitambulisho cha kazi na risiti, utaona wanavyokumbuka shughuli zingine. Pesa za kaunti hulipwa kwa mtandao ama benki, hazilipwi mkononi juu ya ngazi.

Sasa karatasi. Tangu katiba ya 2010 leseni za biashara ni kazi ya kaunti, iko kwa Jedwali la Nne, na afya ya kaunti pia iko hapo, ndio maana afisa wa afya ya umma ana haki ya kuja kukagua. Anza kwa kusajili jina la biashara eCitizen, hiyo ni tovuti ya serikali kuu. Halafu leseni ya biashara ya kaunti, bei hufuata aina ya biashara na ukubwa wake, na viwango hupangwa na Sheria ya Fedha ya kaunti ambayo hutungwa upya kila mwaka, kwa hivyo anayekutajia bei ya mwaka juzi anakupotosha. Kuna ya zimamoto, nunua mtungi mapema. Na ukitundika bango nje hilo lina ada yake mbali, watu wengi hunaswa hapo kwa sababu wanadhani leseni imemaliza kila kitu.

Lakini uangalie, karatasi zote hizo ni za chumba na biashara. Hakuna hata moja inayosema wewe unajua kukanda. Kesho ukimwajiri mtu hajawahi kushika mgongo wa binadamu, leseni ni ile ile.

fizio_kisauni:
Niongezee hapo kwa jirani maana ndio fani yangu. Dada usiende huko, si kwenu. Baraza letu liko chini ya Sheria ya Wafiziotherapi ya 2014 na linasajili waliosomea fiziotherapi, gredi test haikuingizi. Na muhimu zaidi, usiandike kwa bango "fizio" wala usimwambie mteja unatibu diski ya mgongo, kujiita mfiziotherapi na hujasajiliwa ni kosa. Andika masaji ya kupumzisha mwili, basi. Mtu akija mguu mmoja umevimba, una joto na unamuuma kwa nyuma kwenye shavu la mguu, usimkande kabisa, mpeleke hospitali, inaweza kuwa damu imeganda. Hiyo ndio sababu mimi nasema mkandaji naye angefaa kuwa na mahali anapimwa.

KijanaWaTudor:
Mi naona wafunge zote tu, nusu ya hizo masaji za stima nyekundu tunajua ni nini, mtu asitudanganye.

mama_singo:
@KijanaWaTudor na wewe umejuaje stima ni nyekundu, ulikuwa wapita ama ulikuwa waingia? 😂 Danguro lina sheria yake kwa Penal Code, vifungu 153 mpaka 156, polisi waende na hiyo, wasimsumbue mwenye mafuta na taulo. Sisi tunaosinga maharusi Mji wa Kale tunaingia nyumba za watu na singo yetu ya kusugulia ngozi, hakuna aliyewahi kutuuliza leseni, kwa sababu somo, yule anayemfunda na kumsinga biharusi, anajulikana, akiharibu ngozi ya biharusi wiki ya harusi mji mzima utajua kabla ya magharibi. Mkandaji wa Bamburi anayekanda mgeni wa siku tatu hana huo ulinzi, wala mgeni hana.

Shoga yangu BintiUtange, fanya hivi. Mlango wa chumba uwe hauna komeo la ndani, bei ziandikwe ukutani, cheti chako cha NITA kiweke fremu mahali mtu akiingia tu anakiona, shuka moja mteja mmoja, na daftari la wateja liwe pale mezani. Afisa wa afya akija anaangalia maji, shuka na unapotupa taka.

Mswahili_San_Diego:
Mimi niko huku California na hili swali lenu wamelipigania miaka. Kuna shirika moja la wakandaji la jimbo zima, CAMTC, lilianza 2009, linampa cheti mkandaji mwenyewe, masomo masaa 500 na alama za vidole zinachunguzwa. Cheti kwa sheria ya jimbo ni hiari, ila miji mingi inakulazimisha ndio ufanye kazi kwake. Mwanzoni sheria ilibana miji sana, haikuweza kuwawekea biashara za wenye vyeti masharti ya ziada, masaji zikafunguliwa kila kona, miji ikalalamika mpaka sheria ya 2014 ikairudishia nguvu ya kuamua wapi zifunguliwe na kwa masharti gani. Kwa hivyo hata ukipata leseni ya mtu, ile ya mahali haiondoki.

BintiUtange:
Nawashukuru jamani, nshafungua eCitizen nasajili jina. Swali moja tu, kuna wateja wa Airbnb wananiita Nyali na wengine Mtwapa, leseni ya Bamburi inanifikisha?

Mzee_wa_Makadara:
Nyali ni Mombasa, ila kabla hujaenda uliza kaunti kama leseni ya chumba inaruhusu kazi ya nje, na upate jibu kwa maandishi. Mtwapa ukishavuka daraja ni Kilifi, hapo hii haina nguvu, sawa na Diani ambayo ni Kwale. Na huyo mwenye nyumba mtilie kwa mkataba matumizi ya chumba ni masaji, neno lenyewe, usiandike "biashara" tu.

BintiUtange:
Hilo la mkataba ndio litakuwa vita, ataka tuandike "saluni".

mama_singo:
Usikubali. Leseni ikisema masaji na mkataba ukisema saluni, wale wa majaketi watapata pa kushika.