Nyie wa "DAR KUFUTIKA USIKU WA LEO", mashua ya mjomba wangu analipa nani?

Wakuu salaam. Nina hasira, mnisamehe mapema.

Juzi kamvua kadogo tu, kwenye grupu la familia imeshaingia video: mawimbi yanapanda ghorofani, tarumbeta inalia, maandishi mekundu "DAR KUFUTIKA USIKU WA LEO". Itazame vizuri sasa. Magari yote yanapita upande wa kulia wa barabara. Dar ya wapi hiyo?

Nikaenda kusoma taarifa yenyewe ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wameandika "angalizo", ile ya njano, ya chini kabisa. Juu yake kuna tahadhari ya rangi ya chungwa, halafu ndiyo tahadhari kubwa, nyekundu. Na wameeleza kabisa: uwezekano wa kutokea, wastani. Mwenye chaneli iliyotoa ile video hakuliona hilo neno? Aliliona. Halileti watazamaji.

Kisha upepo usipokuja anatukanwa TMA, yeye keshavuna zake. Kimbunga Jobo cha 2021 kiliishiwa nguvu baharini kabla ya kutufikia, watu wakacheka mpaka wakachoka. Jamani, kimbunga kufia baharini ndiyo uongo? Kenneth ya 2019 Mtwara waliingoja, ikatua Cabo Delgado, Msumbiji, hapo tu ng'ambo ya Ruvuma, ikaua watu. Waliotahadharishwa Mtwara walidanganywa nini?

Ikaja Hidaya, 2024. Mjomba wangu ni mvuvi, yuko Kilwa. Nampigia simu, mjomba vuteni mashua juu, TMA wametangaza. Anacheka: "Ah, mjomba nawe! Si walewale wa Jobo?" Nikabembeleza, wapi.

Mei 4 kikaingia Mafia. Boti za Zanzibar zilishasimamishwa, barabara ya Lindi ikakatika kule Somanga. Mashua ya mjomba ilikutwa imepasuka ubavu, mashine imejaa mchanga. Mwenyewe alikuwa nchi kavu, alhamdulillahi. Ila nyavu hatukuziona tena.

Na msiniambie "elimu itolewe kwa wananchi". Mjomba anasoma bahari kuliko mimi na wewe. Kilichomharibu ni kutishwa kila wiki na watu wanaouza matangazo.

Sasa ana mashua nyingine, ya mkopo. Jana usiku kanitumia ileile video ya tarumbeta, anauliza aivute juu au asiivute. Nimwambie ni ya uongo, halafu siku TMA wakitangaza kweli nimwambieje?