Kadi ya michoro RTX 3060 mpya, mbona gemu bado linakwama?

Wakuu, nimeweka RTX 3060 kwenye mashine yangu yenye prosesa ya i5-4570. GTA V nikiingia mjini inashuka mpaka fremu 45 kwa sekunde, feni ya prosesa inalia kama kinu, ila kadi inatumika asilimia 50 tu. Nimepigwa?

— Hujapigwa, mkuu. Hiyo prosesa ni ya 2013, kore (vitengo vya kuchakata) 4 tu. Shusha rezolusheni (wingi wa nukta za picha) hadi 720p, kazi ya kadi ipungue. Fremu zisipopanda, prosesa ndiyo inayoibania kadi.

— RAM (kumbukumbu ya muda) je? Kama ni kipande kimoja, ongeza cha pili kinachofanana nacho, vifanye kazi sambamba.

— Nimejaribu 720p: 46! Kore zote ziko asilimia 100. Na RAM kweli kipande kimoja, GB 8. Mke wangu asisikie bei ya hii kadi.