Tupeane uzoefu: banda la kuku la vikorokoro

Ami wa Fuoni
Assalaam alaykum. Mvua ya jana usiku imeng'oa bati la banda langu la kuku, likenda kuangukia juu ya karo la jirani. Asubuhi nimekwenda kuomba radhi, nimerudi na bati kwapani na maneno kifuani. Banda lenyewe nilijenga kwa vikorokoro vitupu: bati kuukuu za jikoni kwa mama, paleti tatu, boriti za kiunzi zilizobaki tulipomwaga zege, na misumari niliyoinyoosha mwenyewe kwa nyundo. Nadhani hapo kwenye misumari ndipo nilipojiponza. Nani mwengine kajenga kwa vitu chakavu? Semeni, khasa mlichojutia.

Fundi Mstaafu
Msumari ulionyooshwa haushiki, lakini kosa lako siyo hilo. Bati kuukuu lina matundu yake ya zamani, nawe bila shaka umepigilia mumo kwa mumo. Piga pembeni, tundu jipya, na chini ya kichwa cha msumari tia kipande cha ndara mbovu. Mpira ule unabana na maji hayapiti. Pwani hii chumvi inakula msumari kabla hujamaliza kumshukuru Mungu.

mamaSiti
Ya ndara ni kweli. Yangu yamo tangu masika ya mwaka juzi.

Bi Harusi wa Chukwani
Nilikuwa sitaki kuyasema haya lakini mmenikumbusha. Banda langu lilikuwa zuri, wallahi. Kuta mbili za chaga za kitanda, ukuta mmoja wavu mkuukuu aliotupa shemeji yangu mvuvi, na mlango nilitoa kwenye kabati la nguo lililoliwa na mchwa chini, juu zima. Komeo lake nililiacha lile lile, linajifunga lenyewe ukiusukuma. Nikajiona mjanja.

Ramadhani, kumi la mwisho, nimeamka kupasha daku. Nasikia kuku wanalia mlio ule ambao mfugaji akiusikia tumbo linamshuka. Nikachukua simu nimulike, nikaingia. Mlango nyuma yangu, ta! Komeo liko nje. Mimi niko ndani. Na ndani kuna ngawa, mkubwa kama mbuzi mdogo, madoa tele, kasimamisha singa za mgongoni ananitazama. Kautafuna ule wavu kwa chini akaingia, sasa kautafuta mwanya hauoni kwa taa ya simu kummulika machoni. Yeye anazunguka, mimi nazunguka, kuku wanaruka kichwani kwangu. Nikapiga kelele za kuamsha mtaa. Mume wangu ndani anasema kimoyomoyo, "leo kamkamata yule jirani wanayegombana naye kwa maji." Hakutoka! Alikuja alipohisi ubwabwa unaungua.

Kuku kumi na nne nilikuwa nao, tisa nimewaokota wamevunjwa shingo, hakula hata mmoja akamaliza. Daku ile tulikunywa maji.

Sheikh Tende
Ungemkamua zabadi, ule uturi wake, ukarudisha khasara yako 😂

Kijana wa Mtoni
Ngawa hauwi tisa kwa mara moja. Huyo mbwa.

Bi Harusi wa Chukwani
Kwani ulikuwemo bandani? Mbona sikukuona? Tulikuwa wawili tu.

Kijana wa Mtoni
Nasema kwa uzoefu, dada.

Fundi Mstaafu
Anaua tisa na kumi. Akishaingia ndani na kuku wakapaparika, hawezi kujizuia. Wavu wa kuvulia si ukuta: samaki wengi hawana meno ya kutafunia uzi ule, ngawa anayo. Chini zungusha bati au mawe mpaka magotini, na bati ulifukie shubiri moja.

Mpemba Halisi
Sie huku Wete hatuna mambo ya chaga na kabati. Banda linasimama juu ya miguu ya mikandaa, sakafu ya fito, mavi yanaanguka chini wayazoa kwa mbolea ya migomba. Ngazi jioni waiondoa. Basi.

Kijana wa Mtoni
Ngawa anapanda miti.

Mpemba Halisi
Si ulisema ni mbwa?

mamaSiti
😂😂😂

Mjukuu wa Babu
Mimi yangu si ya ngawa. Nyumba ya marehemu babu mjini iliporomoka upande mmoja, nikaokota ubao mzito umelala kifusini, mweusi kwa vumbi. Nikaukata katikati kwa msumeno ukawa mlango wa banda. Msumeno wenyewe uligoma, nikalaani ubao. Siku moja shangazi kaja kutizama vifaranga, akapitisha kanga mlangoni kufuta mavi aone kitu. Yakatokea maua ya nakshi, na juu yake nusu ya Bismillahi. Nusu nyengine nilikwisha ipigilia vitagio.

Hakusema neno. Alikaa chini pale pale akalia.

Ami wa Fuoni
Laa haula! Wa nyumba gani, kaka?

Sheikh Tende
Uko wapi sasa huo ubao?

Fundi Mstaafu
Ulikatwa kwa kufuata nyuzi za mti au kwa kuzikata? Ukifuata nyuzi unaunganika. Usiupige msasa!

Mnunuzi wa Vya Kale
Nicheki faragha, tuelewane bei.

Bi Harusi wa Chukwani
Wewe ndiye ngawa mwenyewe.

Daktari wa Mifugo Mtaani
Mnajenga makasri, kuku mnawapa chanjo ya kideri? Tone moja la jicho kila miezi mitatu. Na mbao kuukuu zina papasi na utitiri kwenye nyufa, mchana hamuwaoni.

Kijana wa Mtoni
Paka oili chafu, wote wanakufa.

mamaSiti
Nilipaka oili chafu. Kuku walikaa wiki wanalala juu ya mpapai, hawataki kuingia. Paka chokaa.

Mpemba Halisi
Oili ya chini, kwenye miguu, kwa mchwa. Chokaa ya ndani. Mwagombana bure.

Halima Dema
Kwa vifaranga mimi nafunika dema bovu la mume wangu, mtego wake wa samaki. Kunguru anatua juu, anachungulia, anakwenda zake. Ila wiki ya kwanza wanapenya kwenye matundu, nimelizungushia kipande cha chandarua.

Ami wa Fuoni
Nimepigilia bati upya, vipande vya ndara kumi na sita. Mke wangu anatafuta ndara zake za chooni.

mamaSiti
Mjukuu wa Babu, shangazi kasemaje?

Mjukuu wa Babu
Kaichukua nusu ya mlangoni, kaifunga kwa shuka. Nusu ya vitagio kaniachia. Banda halina mlango sasa, nimeegesha paleti.

Kijana wa Mtoni
Na jiwe kubwa kwa nje. Kwa ajili ya mbwa.