Naomba ushauri: mashine ya kupimia hitilafu za magari, ninunue ipi?

Habari wakuu. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar, wateja wangu wengi wana IST, Passo na Noah za kutoka Japani. Kile kidude cha ELM327 cha bluetooth, cha kuchomeka kwenye gari na kusoma kwa simu, kinasoma kodi (namba za hitilafu) za injini tu, tena baadhi ya gari za zamani hakiongei nazo kabisa. Mteja akija na taa ya ABS (mfumo wa breki) au ya eabegi namwelekeza kwa mwingine, na hela inaondoka hivyohivyo.

Nimebaki kati ya Launch X431 na Autel, ila naogopa kuuziwa feki. Muda wa kuapdeti ukiisha, mashine inaendelea kusoma kama kawaida? Na osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) ya kupimia sensa za gari, ninunue sasa au isubiri? Mnaozitumia gereji, nisaidieni.